Kabla ya Mechi ya Kesho: Juu ya Kuumia na Kupona

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanaukoo waliokusanyika Durban, jioni ya kuamkia mechi ya Wazee na Vijana)



Kamati ya maandalizi iliniomba nizungumze juu ya historia ya ukoo. Nimeomba radhi kwa kamati, kwani historia hiyo shangazi yetu mkubwa anaijua kuliko mimi, naye yupo hapa na sauti anayo. Mimi nimechagua jambo dogo lililoandikwa katika ratiba mlizonazo mikononi, ukurasa wa tatu, mstari wa pili: "Mechi ya Wazee na Vijana, saa tatu asubuhi." Nataka kuusemea mstari huo.

Natanguliza kwamba mimi si tabibu. Nimetumikia serikali mbili, ya Tanzania kwa miaka kumi na mmoja na ya hapa Afrika Kusini kwa miaka ishirini na zaidi, na katika zote mbili kazi yangu ilikuwa majalada. Lakini mtu wa masijala ana tabia moja isiyomtoka hata akistaafu: akikuta jalada limepotea au limefungwa vibaya, hawezi kulala mpaka ajue lilipotokea kosa. Jalada ninalotaka kulifungua usiku huu nililifunga vibaya mimi mwenyewe.

Wengi wenu mlikuwapo Tanga mwaka 2022. Mnakumbuka mechi ile tuliyocheza ufukoni, wazee tukiwa mabao mawili nyuma. Bin ami yangu, ambaye umri wake wakati ule ulikuwa miaka arubaini na saba, alikuwa ametua siku mbili kabla kutoka Uingereza, ambako alikuwa dereva wa malori. Kwa muda wa miaka sita hakuwa amekimbia hata kulifuata basi. Mpira ulipita mbele yake, akaruka kuufuata, kisha akasimama ghafla na kugeuka nyuma kwa hasira. Akaniuliza, "Kaka, nani amenipiga teke?"

Nyuma yake hakukuwa na mtu. Mchezaji wa karibu alikuwa hatua kumi mbali naye.

Akakaa chini akikishika kisigino cha mguu wa kushoto. Nami, nikiwa ndiye mkubwa pale uwanjani na nahodha wa kujiteua, nilimwambia maneno ambayo nimeyakumbuka karibu kila siku tangu hapo. Nilimwambia, "Jikaze, mdogo wangu. Akhwari alimaliza mbio na goti limeteguka." Akajikaza. Tulimweka golini akachechemea mpaka mwisho. Usiku ule nilipasha moto mafuta ya karafuu, nikamchua ule mguu kwa mikono yangu, na usiku wa pili, na wa tatu. Uvimbe ulipopungua na tukamwona anatembea, tulisema amepona. Siku ya kumi na mbili akapanda ndege.

Kano yake ya kisigino, yaani ule ukamba mnene ulio nyuma ya kifundo cha mguu, ilikuwa imekatika pande mbili. Madaktari wa kule walipomfungua walikuta vipande viwili vimekwisha kuachana na kujikunja, hata ikabidi wachukue kano nyingine kuziba pengo. Alikaa miezi tisa bila kazi. Waajiri wake walimsubiri mitano, kisha wakampa lori mtu mwingine. Shemeji yetu alibeba nyumba kwa kazi mbili. Na hadi leo ndugu yetu huyu hawezi kusimama kwa ncha za vidole vya mguu wa kushoto. Yupo hapa, kakaa safu ya mbele karibu na mlango, na haya ninayasema kwa idhini yake. Nilipompigia simu kumwomba ruhusa alinijibu kwamba sikuwa na nia mbaya. Kweli sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na ujinga, na ujinga wa mkubwa hauhojiwi na mtu, ndiyo maana hudhuru zaidi.

Basi nimesoma. Nina nafasi ya kusoma siku hizi. Nimejua kwamba kano hiyo inapokatika, aghalabu mtu husikia mlio kama wa fimbo inayovunjika, au hudhani kapigwa teke au kitu kimemrukia kutoka nyuma. Swali la ndugu yetu lilikuwa ndiyo dalili yenyewe, imeandikwa vitabuni karibu neno kwa neno. Nimejua pia kwamba huwapata zaidi wanaume wa makamo wanaokaa wiki nzima na kucheza siku moja. Na nimejua kwamba kuweza kutembea si ushahidi wa usalama, kwani ipo misuli mingine midogo inayoweza kuusukuma mguu kidogo, na kwa hiyo hata madaktari huweza kudanganyika.

Kipo kipimo kisichohitaji mashine. Mgonjwa alale kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda. Kamata kigimbi chake ukiminye taratibu. Mguu ulio mzima utajinyoosha wenyewe, vidole vikielekea mbali na goti. Ukiminya na unyayo usitikisike, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, usipashe mafuta. Akiwahiwa katika siku za mwanzo anaweza kutibiwa kwa kiatu maalumu kinachouelekeza mguu chini, au kwa kushonwa, na utafiti mkubwa wa Norway uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja njia hizo hukaribiana sana katika kumrudishia mtu uwezo wake, ijapokuwa wasioshonwa walipata zaidi bahati mbaya ya kukatika tena. Laiti ningalikijua kipimo kile. Kingechukua dakika moja, pale pale mchangani.

Sasa nirudi kwa Akhwari, kwani nililitumia jina lake vibaya na nina deni kwake.

Sisi tuliozaliwa karibu na Uhuru tulilelewa kwa kisa hicho. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka njiani akaumia goti na bega. Akafungwa bandeji, akaendelea, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, giza limeingia na watazamaji wengi wamekwisha kuondoka. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Nilikuwa na umri wa miaka saba. Kisa hiki kilisimuliwa kila mtoto alipolia kwa kujikwaa. Lakini waliotusimulia hawakutuambia sehemu ya pili. Mwaka 1970, kule Edinburgh katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Akhwari huyo huyo alimaliza marathoni akiwa wa tano. Mtu hawi wa tano miongoni mwa wakimbiaji wa nchi zote zile kwa goti bovu. Miaka miwili ilipita kati ya bandeji na nafasi ile ya tano, na sisi tulikariri bandeji tu.

Fauka ya hayo, yule alikuwa amevaa jezi ya taifa. Bin ami yangu alikuwa amevaa fulana ya harusi ya mpwa wetu.

Nilipowasili Durban mwaka 1997, nikiwa na miaka thelathini na sita na sanduku moja, kitu cha kwanza nilichokitafuta kilikuwa Kiswahili. Nikaambiwa nenda Chatsworth, wapo Wazanzibari. Nikaenda, nikawakuta wajukuu wa watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa na kuteremshwa hapa bandarini kati ya mwaka 1873 na 1880, wengi wao kwa asili wakiwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, waliokaa Kings Rest huko Bluff mpaka sheria za ubaguzi zilipowahamishia Chatsworth. Kiswahili changu kilinisaidia kidogo, ukarimu wao zaidi. Nayasema haya kwa sababu ukumbi huu tuliomo uko Chatsworth, na watoto wameuliza kwa nini hatukukodi hoteli ya pwani.

Kitu cha pili nilichokutana nacho kilikuwa tarishi wa ofisini kwetu akishuka ngazi kinyumenyume. Nilidhani ni mzaha. Kumbe siku iliyotangulia alikuwa amekimbia Comrades, na mapaja yake hayakukubali kumshusha akitazama mbele. Ofisi nyingi za Durban huwa na watu wa namna hiyo kila mwaka baada ya mbio.

Wageni wetu, Comrades ni mbio baina ya mji huu na Pietermaritzburg, kilomita kama 86 hadi 90 kulingana na njia ya mwaka huo. Mwaka mmoja hupanda kutoka Durban, mwaka mwingine hushuka kuja baharini. Aliyeianzisha, Vic Clapham, alikuwa dereva wa treni aliyepigana Vita Kuu ya kwanza katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani kwetu, akitembea kwa miguu maelfu ya kilomita kuwafukuzia askari wa von Lettow-Vorbeck. Akataka wenzake waliokufa wakumbukwe kwa mbio zitakazompa mtu walau kionjo cha taabu ile. Mwaka 1921 walianza watu 34, wakamaliza 16. Siku hizi huanza maelfu kwa maelfu, nao hupewa saa kumi na mbili. Zikitimia, bastola hufyatuliwa na mtu aliyewapa mgongo wakimbiaji, na aliyebakiza hatua tatu hahesabiwi.

Kwa miaka kadhaa nimesimama Pinetown nikigawa maji. Hapo, katika miaka ya kushuka, ndipo wakimbiaji wanapofikishwa na mteremko wa Fields Hill, na hapo nimejifunza jambo nisilolidhani: mteremko huumiza kuliko mlima. Mlima unauchosha moyo na mapafu. Kwenye mteremko msuli wa paja unafanya kazi ya breki, yaani unavuta huku unarefushwa, na nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Maumivu yake hayaji siku ile. Huja kesho yake na keshokutwa. Lakini msuli huo huo ukipewa mteremko mfupi leo, na mrefu kidogo baada ya wiki, hujijenga, na safari ya pili hauumii kama ya kwanza. Tarishi wetu alinieleza hayo bila kitabu: "Baba, miguu inafundishika, ila haipendi kushtukizwa."

Mtajiuliza kama miguu ya mzee nayo inafundishika. Tazameni Wally Hayward. Alishinda Comrades mwaka 1930 akiwa na miaka ishirini na moja, akashinda tena mara nne katika miaka ya hamsini. Mwaka 1988, akiwa na umri wa miaka 79, aliirudia akamaliza kwa saa 9 na dakika 44, akiwaacha nyuma vijana wengi waliokuwa na umri wa wajukuu zake. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 80, akarudi tena, na wakati ule kikomo kilikuwa saa kumi na moja. Akamaliza zikiwa zimebaki dakika mbili pungufu, hoi, baada ya kuanguka. Hakukimbia tena Comrades. Mimi huyasoma haya kwa pamoja. Wa kwanza alinifanya nitoke kitandani. Wa pili alinifundisha kwamba hata Hayward alikuwa na mwaka mmoja mwingi mno.

Na kutoka kitandani nilitoka, mwaka 2019, nikiwa na miaka hamsini na minane na tumbo la mtumishi wa serikali. Nilianza kwenda mbio za bure za kilomita 5 zinazofanyika Jumamosi asubuhi ufukoni North Beach. Wiki ya kwanza nilitembea, ya pili nikakimbia nusu, ya tatu nikakimbia zote kwa sababu mama mmoja mwenye mjukuu kwenye kigari alinipita. Wiki ya tano nikaamka kisigino kimekakamaa kama mlango wenye kutu. Ukitembea kinalegea, ukikaa kinarudi. Nikapumzika wiki tatu, kikatulia. Nikarudi mbioni, kikarudi nacho. Mara nne hivyo. Lilikuwa jalada linalorudi mezani kila ukilipeleka, kwa kuwa hakuna aliyelijibu.

Mtaalamu wa tiba ya viungo niliyepelekwa kwake hakunipa dawa wala mafuta. Alinipa ngazi. Simama, akasema, kwenye ukingo wa kidato kwa mbele ya nyayo, visigino hewani, shikilia ukuta. Panda juu kwa mguu ulio mzima, kisha jishushe polepole kwa ule mbovu mpaka kisigino kipite chini ya kidato. Mara kumi na tano, mikupuo mitatu goti likiwa limenyooka, na mitatu goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni. Kila siku. Wiki kumi na mbili. Nikapiga hesabu: mara 180 kwa siku. Njia hii ilitangazwa mwaka 1998 na tabibu Msweden, Håkan Alfredson, aliyeijaribu kwa wakimbiaji kumi na watano wa kujifurahisha waliokuwa wamechoka na maumivu ya muda mrefu, nao wote wakarudi mbioni.

Nikamwuliza, "Ikiuma je?" Akasema itauma, na maumivu ya kadiri ninayoweza kuyavumilia huku nikizungumza yanaruhusiwa, mradi kesho asubuhi yasiwe yamezidi ya leo. Yakizidi, punguza, yakibaki, endelea. Kanuni hiyo ya kesho asubuhi imenifaa kuliko ushauri wowote niliopewa na binadamu, na nimeitumia kwa bega pia. Majirani zangu wa ghorofa ya pili, Umbilo, waliniona kila siku nikipanda na kushuka kidato kimoja bila kwenda popote, na kwa adabu hawakuuliza. Wiki ya tatu nilikaribia kuacha. Wiki ya saba niliamka nikaenda jikoni, na chai ilikuwa imechemka ndipo nikakumbuka kwamba sikuchechemea.

Angalieni tofauti. Kano iliyochoka huponywa kwa kupewa kazi kwa kipimo. Kano iliyokatika huponywa kwanza kwa kufungwa, kazi baadaye. Dawa ya moja ni madhara kwa nyingine. Ndiyo sababu nasisitiza kujua kwanza ni nini, kabla ya wakubwa wa ukoo hatujaanza kutoa amri.

Juu ya barafu na maji ya moto, ambayo huzua ugomvi katika kila nyumba yetu, nitasema kidogo. Mwaka 1978 daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, alieneza kanuni ya kupumzisha, kuweka barafu, kufunga na kuinua mguu, na dunia nzima ikaishika. Mwaka 2014 mwenyewe aliandika kwamba barafu na mapumziko kamili huenda vikachelewesha kupona, kwa kuwa uvimbe ule ni sehemu ya kazi ya mwili kujijenga. Siku hizi tunaambiwa: siku mbili tatu za mwanzo linda palipoumia, funga, inua, barafu kidogo kwa ajili ya kupunguza maumivu haina lawama, usikande kwa moto wala kuchua kwa nguvu jeraha bichi, kisha anza kuutembeza mguu mapema kadiri unavyokubali. Kifundo kilichoteguka kikafichwa kitandani wiki tatu hutoka kikiwa dhaifu, na kikiwa dhaifu huteguka tena. Bibi zetu hawakukosea kukanda; wao walikanda migongo na magoti ya siku nyingi, na kwa hayo joto bado ni zuri. Tuliokosea ni sisi tuliokanda kila kitu.

Vidonge, sasa, ni jambo la hatari kuliko mechi yenyewe. Najua ndani ya mabegi yenu mna diklofenaki na ibuprofeni za kutosha kufungua duka. Dawa hizi hupunguza damu inayokwenda kwenye figo. Mtu aliyekaukiwa maji kwa jasho akazimeza ili acheze anaweza kuzima figo zake, na mwenye shinikizo la damu, kisukari au figo dhaifu yumo hatarini hata bila kucheza. Ukoo wetu unajijua kwa shinikizo la damu. Msimeze kabla ya mechi. Kadhalika, yeyote ambaye yuko katika dozi ya siprofloksasini au dawa za jamii yake, kwa ugonjwa wowote, hasa aliyepita miaka sitini, kesho awe mtazamaji: dawa hizo zimejulikana kudhoofisha kano, na tangu mwaka 2008 Marekani imeamuru zibandikwe onyo kali.

Na maji, kunyweni mkiwa na kiu. Wapo wanaojilazimisha lita juu ya lita. Ni watafiti wa nchi hii, Tim Noakes na wenzake, walioeleza mwaka 1985 kwamba wakimbiaji wa mbio ndefu waliweza kuugua vibaya kwa kunywa maji kupita kiasi, hata chumvi ya damu ikazimuliwa. Mechi ya dakika hamsini haihitaji ndoo.

Sasa wale wasiocheza kabisa, hususan mama zangu na shangazi zangu mlionambia jana, "Sisi umri wetu wa kukaa." La hasha. Mwaka 1990 huko Boston walichukuliwa wazee kumi wanaoishi katika nyumba ya kutunzia wakongwe, umri wao wa wastani miaka tisini, wakafundishwa kunyanyua uzito kwa miguu kwa muda wa wiki nane. Waliomaliza nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Baadhi walitembea kwa haraka zaidi, wawili wakaacha fimbo. Miaka tisini! Shangazi yetu mkubwa ana themanini na mbili, bado mtoto.

Hamhitaji chuma. Kaa kwenye kiti cha jikoni, simama bila kushika, kaa tena polepole. Anza na mara tano. Simama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki, sinki likiwa karibu la kushika. Mwanamke aliyepita ukomo wa hedhi mifupa yake huanza kupungukiwa, na kinachomvunja nyonga aghalabu ni kuanguka, asiyeanguka havunjiki. Na yule dada yangu wa Muscat aliyeacha kutembea kwa sababu picha ya mgongo wake ilionyesha pingili "zimechakaa", nimemletea habari: mwaka 2015 zilikusanywa picha za watu zaidi ya elfu tatu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, na dalili hizo za kuchakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka ishirini, na asilimia 96 ya wenye miaka themanini. Dada, zile ni mvi za ndani. Kama mguu haufi ganzi, haja hazikuzuiliki wala nguvu hazikupotei, rudi ukatembee pwani jioni kama ulivyozoea.

Watoto wetu ni kinyume chake. Wao wanapewa mchezo mmoja tu, mwaka mzima, na wazazi wenye ndoto. Mtoto wa miaka kumi na mbili anayeuma chini ya kofia ya goti, mahali penye kinundu, mara nyingi anakua tu, na mfupa wake laini unavutwa na kano kila anapopiga mpira. Apunguziwe, asiitwe mvivu. Kipimo kimoja rahisi nilichokiona: saa za mazoezi kwa wiki zisizidi miaka yake. Na akigongwa kichwa akaduwaa, hata kwa nusu dakika, atoke na asirudi siku hiyo. Hapo simsikilizi mzazi yeyote.

Nije kwenye ratiba, kwa kuwa naona wapishi wananitazama.

Kwa ruhusa ya Mwenyekiti, mstari wa pili wa ukurasa wa tatu umebadilishwa. Mechi itaanza saa tatu na nusu. Saa tatu kamili wote wanaocheza, wazee kwa vijana, wawe uwanjani kwa dakika ishirini za kupasha misuli moto: kukimbia taratibu, kukimbia kando, kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa. Mpwa wangu wa Toronto ataongoza. Ni programu iliyobuniwa mwaka 2006 na kuenezwa na FIFA, na walipoijaribu kwa wasichana wa Norway majeraha kwa jumla yalipungua kwa takriban theluthi moja. Kujinyoosha tu kwa kuushika mguu hesabu kumi hakutoshi, ijapokuwa najua ndiko tulikofundishwa shuleni. Asiyefika saa tatu hachezi. Nimeandika majina.

Tutacheza vipindi vitatu badala ya viwili, na kila mzee atatoka baada ya kimoja. Tutacheza kwenye nyasi. Mchangani hatuchezi tena. Wazee watakaotaka kutembea badala ya kucheza watatembea na mimi kwenye njia ya ufukoni siku ya Jumapili, kutoka Blue Lagoon kuelekea mdomo wa bandari, kila mtu kwa mwendo wake na viti viko njiani.

Mwamuzi wa kesho ni bin ami yangu. Filimbi amekwisha kuipokea. Nimempa mamlaka ya kumtoa mchezaji yeyote anayechechemea, na amri yake haitapingwa na mkubwa yeyote, nikiwamo mimi. Mtu akigeuka nyuma akauliza nani kampiga teke, gari langu litakuwa limeegeshwa langoni, limetazama barabarani, na funguo ziko kwake.

Karibuni chakula.